Kisha AVC, kumukalisha mugonjwa siku muzima hakumulindi na kuanguka

Siku mugonjwa wa AVC anatoka hospitali, jamaa yote inapumua. Kifo kimepita, sauti imeanza kurudi, muguu umeanza kusogea. Nyumbani wanamupangia kiti kizuri kwenye barza, wanamuwekea mito, na kila mara anapotaka kusimama kuna mutoto ao mujukuu wa kumwambia: "Baba, bakia hapo, utaanguka." Neno hilo linatoka katika mapendo. Lakini kama linarudiliwa kila siku, linamuharibia mugonjwa kitu chenye angehitaji sana kusudi asianguke: nguvu za miguu na zoezi la kusimama.

AVC, ugonjwa wenye wengine wanaita kiharusi na wengine wanaita tu kupooza, inatokea wakati damu haifiki tena katika sehemu fulani ya ubongo, sababu mushipa umezibwa ao umepasuka. Kila mwaka, watu zaidi ya milioni 12 katika dunia wanapata ugonjwa huu. Hesabu za kimataifa zinaonyesha kama mutu 1 kati ya 4 mwenye kupita miaka 25 ataupata siku moja katika maisha yake. Sababu yake kubwa ni tansio ya juu, na watu wengi wanatembea nayo pasipo kujua, juu haiumi.

Wengi wanapona. Ni kwa hao, na kwa wale wenye kuwatunza nyumbani, tunaandika habari hii. Sababu kisha AVC kuna hatari ya pili yenye haizungumuziwi sana: kuanguka.

Watu 3 kati ya 4

Katika mwaka wa 1995, gazeti la waganga la Uingereza, British Medical Journal, lilitangaza utafiti juu ya wagonjwa wenye walirudi nyumbani kisha AVC. Katika miezi 6 tu, wagonjwa 73 kati ya 100 walikuwa wameanguka hata mara moja. Ni karibu watu 3 kati ya 4. Tafiti zingine kisha hapo zimetoa hesabu tofauti kidogo, lakini zote zinasema jambo moja: mutu mwenye alipata AVC anaanguka zaidi kuliko mutu wa umri wake mwenye hakuipata.

Mara nyingi haangukii katika barabara. Anaangukia nyumbani, katika mambo ya kila siku: kutoka kitandani, kwenda choo, kugeuka ili akae kwenye kiti, kuvuka kizingiti cha mulango.

Na kuanguka huko si jambo dogo. Upande wenye AVC iligonga hautumiki sana, na mifupa yake inapoteza nguvu. Upande huo ndio mugonjwa anaangukia mara nyingi, na mukono wa upande huo hauwezi kujitupa mbele ili umukinge. Ndiyo maana mufupa wa nyonga unavunjika. Muzee mwenye alikuwa ameanza kwenda peke yake kwenye kanisa ao kwenye musikiti anarudi tena kitandani, mara hii kwa miezi mingi, na gharama ya kumupasua jamaa inaitafuta kwa madeni.

Sababu gani anaanguka?

Wengi wanafikiri ni juu ya muguu zaifu tu. Kuna zaidi ya hapo.

Ili mutu asimame imara, ubongo unakusanya habari tatu kwa wakati mumoja: ile macho yanaona, ile sikio la ndani linasikia juu ya kuinama na kugeuka, na ile nyayo na viungo vinasikia juu ya udongo wenye tunakanyaga. Kisha ubongo unatuma amri kwa misuli, haraka sana, pasipo sisi kufikiri. Ndio usawa wa mwili, wenye wengi kwetu wanaita ekilibre. AVC inaweza kuharibu fasi yoyote ya kazi hiyo. Kuna mugonjwa mwenye ana nguvu lakini hasikii vizuri unyayo wake. Kuna mwenye haoni vitu vya upande wa kushoto, hata kama macho yake ni mazima. Kuna mwenye ncha ya muguu inaninginia na inakwama kwenye majani, kwenye kapeti, kwenye kizingiti.

Ongeza dawa. Dawa za tansio zinaweza kuleta kizunguzungu wakati mutu anasimama kwa haraka. Hiyo haiko sababu ya kuziacha. Ni sababu ya kukaa kwanza pembeni ya kitanda dakika moja mbele ya kusimama, na kumuelezea muganga ikiwa kizunguzungu kinaendelea.

Na ongeza woga. Mutu mwenye alianguka mara moja anaogopa mara ya pili. Anapunguza kutembea. Misuli inapunguka, goti linakazana, hatua inakuwa fupi na nzito. Siku anapolazimika kusimama, kwa mufano usiku ili aende choo, mwili hauna zoezi tena. Anaanguka, na jamaa inasema: "Tulijua tu, tulimwambia asisimame." Hivi ndivyo woga unazaa kile kitu chenye ulitaka kukimbia.

Utafiti unasema nini?

Katika mwaka wa 2019, Cochrane, kundi la kimataifa lenye kukusanya na kupima tafiti za waganga, lilitoa matokeo juu ya namna ya kuzuia kuanguka kisha AVC. Lilisema kwa uangalifu: mazoezi yanaonekana kupunguza hesabu ya mara zenye wagonjwa wanaanguka, lakini haiko hakika kama yanapunguza hesabu ya watu wenye wanaanguka hata mara moja. Kwa maneno mengine, mazoezi hayaahidi kama muzee hataanguka hata siku moja. Yanatoa tumaini kama ataanguka mara chache.

Jambo lingine liko wazi zaidi katika kazi ya waganga wa kinesiterapia, wenye watu wanaita waganga wa kine: mutu anaendelea katika kile chenye anafanyia zoezi. Kunyoosha muguu wakati mugonjwa analala kitandani kunasaidia viungo visikazane, lakini hakumufundishi kutembea. Kutembea kunafundishwa kwa kutembea. Kugeuka kunafundishwa kwa kugeuka. Ubongo unaweza kutafuta njia zingine kisha AVC, lakini unahitaji kurudilia jambo moja mara nyingi, sawa vile mutoto anarudilia hatua zake.

Hata hivyo, tusikimbie. Utafiti mukubwa wenye uliitwa AVERT, juu ya wagonjwa zaidi ya 2.000, ulionyesha katika mwaka wa 2015 kama kuwasimamisha wagonjwa mara nyingi na kwa nguvu katika saa 24 za kwanza hakukuwasaidia. Wale wenye walianza polepole walipata matokeo mazuri zaidi. Siku za kwanza ni kazi ya waganga wa hospitali. Mazoezi yenye tunaeleza hapa ni ya mugonjwa mwenye ametoka hospitali, mwenye anaweza kusimama, hata akiwa na musaada, na mwenye muganga amemuruhusu.

Mbele ya hatua ya kwanza

Kuna mambo 5 ya kupanga.

Kwanza, tansio. Ipimwe, na muganga aseme kama mugonjwa anaweza kuanza. Ikiwa wakati wa zoezi anasikia maumivu katika kifua, pumzi inakatika sana, kichwa kinauma kwa nguvu ao kizunguzungu kinakuja, anakaa na zoezi linaisha kwa siku hiyo. Ikiwa maumivu ya kifua ao ya kichwa hayaishe, ni kwenda hospitali.

Pili, viatu. Babushi zinatoka muguuni na zinateleza. Soksi kwenye simenti ni mubaya zaidi. Inafaa kiatu chenye kufungwa nyuma, chenye kukamata muguu na chenye unyayo wa mupira. Mwenye hana kiatu cha namna hiyo ni afazali atembee muguu wazi ndani ya nyumba kuliko na babushi. Lakini mugonjwa wa sukari, ao mwenye hasikii nyayo zake, asitembee muguu wazi: anaweza kujiumiza pasipo kujua.

Tatu, fasi. Ukuta, meza nzito ao ubao wenye kukazwa vizuri wa kukamata kwa mukono muzima, na kiti nyuma cha kukalia wakati anachoka. Ondoa bido, ndoo, mikeka na viatu vyenye kutawanyika chini.

Ine, mutu wa kumusindikiza. Anasimama upande zaifu, nyuma kidogo. Asimuvute kwa mukono wenye kupooza: bega la upande huo liko zaifu na linaweza kutoka fasi yake. Kama anahitaji kumukamata, akunje kikwembe chenye nguvu, akifunge katika kiuno cha mugonjwa sawa mukaba, na akamate hapo. Na akumbuke: kazi yake ni kumukinga, haiko kumubeba.

Tano, fimbo. Watu wengi wanaitia katika mukono wa upande mugonjwa. Ni kosa. Fimbo inakamatwa na mukono muzima. Inatangulia ao inakwenda pamoja na muguu zaifu, kisha muguu muzima unafuata. Urefu wake: wakati mugonjwa anasimama sawasawa na mukono umeninginia, kichwa cha fimbo kinafikia kwenye kifundo cha mukono. Fimbo fupi sana inamuinamisha, ndefu sana inainua bega.

Hatua kwa hatua

Mazoezi haya yanapangwa kutoka lepesi mupaka gumu. Haifae kuruka. Mugonjwa anapita kwenye lingine wakati lile la mbele halimuyumbishi tena.

Kuinuka kwenye kiti. Ndio mwanzo wa kutembea. Mugonjwa anasogea mbele kwenye kiti, anarudisha nyayo nyuma kidogo chini ya magoti, anainamisha kifua mbele, kisha anasimama na kukaa polepole. Wengi wanasimamia muguu muzima tu. Ule zaifu unawekwa mbele sawa mugeni. Muweke nyayo zote mbili sawasawa. Mara 5, kupumuzika, mara 5 tena.

Kuhamisha uzito. Anasimama mbele ya meza, miguu imeachana kidogo. Anapeleka uzito wa mwili upande wa kuume, anarudi katikati, anapeleka kushoto. Kusudi ni kufundisha muguu zaifu ukubali kubeba tena. Kisha anainua kisigino cha muguu muzima kidogo, kwa segonde chache, ili mwingine ufanye kazi.

Kutembea pembeni. Akikamata meza ao akigusa ukuta, anatembea upande, sawa kaa wa ziwa, hatua 5 kwa kuume, 5 kwa kushoto. Zoezi hili linatia nguvu misuli ya pembeni ya nyonga, yenye inazuia mwili usianguke upande.

Kutembea mbele, kisigino kwanza. Kwa mutu mwenye ncha ya muguu inaninginia, neno la kumwambia ni moja: "Kisigino." Kila hatua, kisigino ndicho kinagusa chini kwanza. Macho yanaangalia metre chache mbele, hayaangalie miguu.

Kutembea kwenye mustari. Chora mustari na chaki ao makala kwenye simenti. Kwanza anatembea na miguu pande zote mbili za mustari. Baadaye anatembea juu yake. Mwisho, wakati ana nguvu, anaweka kisigino cha muguu mumoja mbele ya vidole vya mwingine. Ukuta uko karibu, na musindikizaji pia.

Kurudi nyuma. Kila siku tunarudi nyuma pasipo kujua: kufungua mulango, kukaa kwenye kiti, kumuachia njia mutu mwingine. Ni hapo wengi wanaanguka. Hatua 3 ao 4 za nyuma, mukono kwenye meza, musindikizaji nyuma.

Kuzunguka. Weka viti viwili, umbali wa metre 2. Mugonjwa anavizunguka kwa kuchora namba 8, hivi anageuka kuume na kushoto. Kanuni ni hii: anageuka kwa hatua ndogondogo, haiko kwa kuzungusha mwili na kuacha muguu mumoja umekazwa chini.

Kuvuka kitu. Laza fimbo ya ufagio chini. Avuke kwa muguu muzima, siku nyingine kwa muguu zaifu. Kisha weka vitabu viwili na fimbo juu yake. Hivi anajitayarisha kwa vizingiti na kwa mawe ya njia.

Kutembea na kuzungumuza. Hili linaonekana sawa muchezo, lakini lina maana. Katika mwaka wa 1997, watafiti wa Uswidi walieleza katika gazeti The Lancet kama walichunguza wazee wa makao fulani: wale wenye walisimama kila mara mutu alipoanza kuzungumuza nao, sehemu kubwa yao walianguka katika miezi 6 iliyofuata. Hawakuwa wote wagonjwa wa AVC, lakini maana ni ile ile: kama kutembea kunakula akili yote, hakubakie kitu cha kuangalia moto yenye kupita ao shimo la njia. Kwa hiyo, wakati hatua zimekuwa imara, musindikizaji amuulize: majina ya wajukuu, bei ya sombe kwenye soko, siku za juma kwa kurudi nyuma. Baadaye abebe kikombe chenye maji nusu katika mukono muzima. Kama anaanza kuyumba, acha maongezi, maliza hatua.

Dakika ngapi? Mwanzoni, dakika 5 zinatosha, mara 3 ao 4 kwa siku. Juma kwa juma zinaongezwa. Kufikia dakika 30 kwa siku, siku nyingi za juma, hata kama zinagawanywa, ni muradi muzuri. Uchovu kisha AVC ni wa kweli, haiko uvivu. Ndiyo maana asubuhi, kisha kula na kupumuzika kidogo, mara nyingi ndiyo saa nzuri.

Ngazi na mitelemuko ya kwetu

Vitabu vingi vya mazoezi vinaandikwa kwa watu wenye kuikala kwenye njia tambarare. Bukavu ni milima: kutoka nyumbani mupaka barabara kubwa, wengi wanapanda ngazi za udongo ao za mawe. Goma, udongo wenyewe ni mawe ya volkano, na kuna mitaa yenye inajengwa juu ya moto wa Nyiragongo wa mwaka wa 2002 wenye uligeuka jiwe. Uvira kuna muchanga, Lubumbashi kuna mifereji yenye haifunikwe. Mugonjwa mwenye anatembea vizuri ndani ya nyumba tu hajamaliza masomo.

Kwa ngazi, kuna kanuni moja ya kushika: kupanda, muguu muzima unatangulia, kushuka, muguu zaifu unatangulia. Muguu muzima ndio wenye nguvu ya kuinua mwili, na ndio pia wenye nguvu ya kuuzuia wakati wa kushuka. Musindikizaji anakuwa kila mara upande wa chini: nyuma wakati wa kupanda, mbele wakati wa kushuka.

Kwenye mutelemuko, hatua zinakuwa fupi na zinakatwa kwa upande kidogo. Kisha mvua, udongo wa Bukavu unateleza sawa sabuni. Siku hiyo zoezi linafanyiwa ndani. Kwenye mawe, mugonjwa anaweka unyayo muzima, anangojea kusikia kama jiwe halisogee, kisha anapeleka uzito.

Usiku ndio hatari kubwa. Umeme unakatika, choo kiko inje, na mugonjwa hataki kusumbua mutu. Tochi ao telefone yenye taa iwe karibu na mukono wake muzima. Chombo cha kukojolea karibu na kitanda haiko haya. Haya kubwa ni nyonga yenye kuvunjika juu ya metre 10 za giza. Na njia kutoka kitandani mupaka mulangoni iwe tupu kila jioni. Kazi hiyo inaweza kupewa mutoto wa nyumba, na aifanye kila siku sawa vile anafunga mulango.

Kupima maendeleo na telefone

Jamaa nyingi zinakata tamaa juu hazioni mabadiliko. Kuna kipimo chepesi, chenye wataalamu wawili wa Kanada walitangaza katika mwaka wa 1991, na chenye waganga wa kine wanatumia mupaka leo. Mugonjwa anakaa kwenye kiti. Umbali wa metre 3 kunachorwa alama. Ukisema "twende", anasimama, anatembea mupaka kwenye alama, anageuka, anarudi na kukaa. Telefone inahesabu segonde. Anaruhusiwa kutumia fimbo yake, na musindikizaji anabakia karibu.

Kwa watu wenye walipata AVC, wataalamu wengi wanaona kama kupita segonde 14 ni alama ya hatari ya kuanguka. Lakini hesabu hiyo isimutishe mutu. Yenye maana zaidi ni kulinganisha mugonjwa na yeye mwenyewe: andika tarehe na segonde kwenye daftari, rudilia kila kisha majuma mawili. Mutu mwenye alianza na segonde 40 na sasa ana 31 ameendelea, hata kama jirani haoni. Na kama hesabu inapanda kwa gafula, ni alama ya kumuonyesha muganga.

Wapi kupata musaada?

Hakuna habari ya gazeti yenye inachukua fasi ya macho ya muganga wa kine. Yeye ndiye anaona kama goti linarudi nyuma sana, kama muguu unahitaji kifaa cha kuinua ncha yake, kama fimbo ya miguu mine inafaa zaidi. Hospitali kubwa za miji yetu zina kazi hiyo, na kuna vituo vyenye vinajulikana kwa kutunza watu wenye kilema, sawa Heri Kwetu kule Bukavu na Shirika la Umoja kule Goma.

Tatizo ni franga na usafiri. Kulipa mara 3 kwa juma, kwa miezi, pamoja na moto ya kwenda na kurudi, ni muzigo wenye jamaa nyingi haziwezi. Kwa hiyo wengi wanaacha kabisa. Kuna njia ya katikati: kama mara chache tu ndizo zinawezekana, mupelekeni mugonjwa pamoja na yule mwenye kumutunza kila siku, haiko pamoja na yule mwenye kuwa na nafasi siku hiyo. Mwambieni muganga wazi: "Hatutaweza kurudi kila juma. Mutufundishe ya kufanya nyumbani, na mutuambie wakati gani turudi." Musindikizaji afanye kila zoezi mbele yake, na muganga amukosoe. Kwa ruhusa yake, chukueni video na telefone.

Kama anaanguka

Hata katika nyumba yenye kupangwa vizuri, siku hiyo inaweza kufika. Kosa la kwanza ni kukimbilia kumuvuta juu kwa mikono. Mumuache kwanza alale, mumuulize fasi gani inauma. Kama hawezi kusogeza muguu, kama muguu umekuwa mufupi ao umegeukia inje, kama amegonga kichwa, na zaidi kama anatumia dawa za kulainisha damu, musimusimamishe. Mutafute namna ya kumufikisha hospitali akiwa amelala.

Kama hakuna kitu chenye kuumia, ageuke upande muzima, ajiinue kwenye kiwiko, apige goti, aweke mukono muzima kwenye kiti chenye mumemuletea mbele, na asimamie muguu muzima. Ninyi munasaidia kwa kikwembe cha kiuno. Kisha mutafute sababu: kiatu, giza, maji chini, ao kizunguzungu?

Kuna sababu moja yenye haingoje. Kama kinywa kimeenda upande, kama mukono umeanguka wakati anainua yote miwili, kama maneno hayaeleweke, pengine hakuanguka tu: ni AVC ya pili. Hapo ni hospitali mara moja, na mukumbuke saa yenye alama zilianza, juu waganga wataiuliza. Kumukinga na AVC hiyo ya pili kunaanza na dawa za tansio, zenye watu wengi wanaacha wakati wanasikia kama wamepona.

Lakini siku nyingi hazitakuwa siku za kuanguka. Zitakuwa siku za kawaida: muzee kwenye kiti chake, ukuta pembeni, kiatu chenye kufungwa, na mutu wa nyumba mwenye dakika 5. Siku hizo, akisema anataka kusimama, musimwambie abakie hapo. Mumuulize anataka kwenda wapi, mukamate fasi yenu upande zaifu, nyuma kidogo, na mumuache atembee.